Kulifunza sikio na jicho kwa matini moja: mazoezi ya kusikiliza na kusoma Kiingereza katika shule ya sekondari

Mwanafunzi wa Tanzania anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya Serikali amefundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza amekisoma kama somo mojawapo tu. Anapoingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza, na mtoto yule yule aliyekuwa akieleza vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula anakaa kimya kwa sababu maelezo ya mwalimu yanampita kabla hajayakamata. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kutwa, na hatua ninazozieleza hapa ndizo ninazotumia na wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne.

Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne unaotungwa na Baraza la Mitihani ni wa kuandika. Ndani yake mna ufahamu na ufupisho, lakini hamna sehemu ambayo mtahiniwa huchezewa sauti akajibu maswali. Kwa sababu hiyo kusikiliza kumeachwa kando, kana kwamba ni ziada ya shule zenye vifaa. Ukweli ni kwamba kila kipindi cha baiolojia, fizikia au jiografia ni mtihani wa kusikiliza ambao mwanafunzi hufanya siku tano kwa wiki bila kuandaliwa. Ndiyo maana nashauri stadi hizi mbili zisitenganishwe: chagua matini moja fupi, uisikilize, uisome, kisha uisikilize tena, na ukae nayo wiki nzima.

Hatua ya kwanza: chagua matini inayokufaa

Makosa mengi ya mazoezi huanzia hapa, kwa sababu mwanafunzi huchukua kitabu kigumu akidhani ugumu ndio elimu. Mwaka 2000 watafiti Hu Hsueh-chao na Paul Nation walionyesha kwamba wasomaji wengi huhitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno ya hadithi ili waielewe bila kusaidiwa, yaani neno geni lisizidi moja katika kila maneno 50. Hesabu maneno 100 ya mwanzo katika matini yako. Ukikuta mageni mawili au pungufu, unaweza kuisoma peke yako. Yakifika matano, itakufaa ukiwa na mwalimu au kamusi. Yakizidi hapo, iweke kando kwa sasa.

Kwa kidato cha kwanza na cha pili, maneno 100 hadi 150 yanatosha. Kwa kidato cha tatu na cha nne, nenda hadi 250. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure zilizopangwa kwa viwango, na nyingi zinapatikana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Zimeandikwa kwa ajili ya watoto wadogo, lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza hana sababu ya kuona haya kuanzia hapo. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo. Kwa wakubwa, napendelea habari fupi za magazeti ya Kiingereza yanayochapishwa Dar es Salaam, kama Daily News na The Citizen, hasa habari ambayo mwanafunzi ameisikia jana yake kwa Kiswahili katika taarifa ya habari ya usiku. Anayejua tayari nani alifanya nini na wapi hubaki na kazi moja tu, nayo ni lugha.

Hatua ya pili: tafuta sauti ya matini hiyo

Njia rahisi kuliko zote ni mwalimu kuisoma mwenyewe na kujirekodi kwa simu, kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo, bila kukatakata neno moja moja. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na sioni haja ya kugombana na sheria hiyo, kwa kuwa simu moja ya mwalimu na spika ndogo vinatosha darasa zima, na rekodi zikihifadhiwa kwenye memori kadi hazihitaji bando.

Wanaotaka sauti za mbali wanaweza kupakua vipindi vya BBC Learning English, ambavyo vingi huambatana na maandishi yake. Sauti ya Amerika nayo ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi yaliyotumia msamiati wa takribani maneno 1,500 na kusomwa polepole kuliko taarifa za kawaida, na mtindo huo bado ni kipimo kizuri kwa mwalimu anayejirekodi. Hata hivyo, mimi huanza na sauti ya karibu. Mwanafunzi atafundishwa kemia na mtu wa Mwanza au wa Moshi, na Kiingereza cha walimu hao ndicho anachokihitaji wiki ijayo. Lafudhi za London na Washington zitafuata baadaye.

Hatua ya tatu: sikiliza bila kuona maandishi

Sikiliza mara tatu, na kila mara uwe na kazi tofauti.

Mara ya kwanza weka kalamu chini. Baada ya kusikiliza, mweleze jirani yako kwa Kiswahili habari inahusu nini. Najua ziko shule ambazo mtoto akitamka Kiswahili huandikwa jina, lakini hapa tunapima kama ameelewa, na aliyeelewa huweza kusema alichoelewa kwa lugha yoyote anayoimudu. Ukimlazimisha atumie Kiingereza katika hatua hii, hutajua kama alishindwa kusikia au alishindwa kusema.

Mara ya pili andika majina, namba na nyakati tu. Namba husumbua hata kidato cha nne: “thirteen” na “thirty”, “fifteen” na “fifty” huandikwa kinyume kwa sababu masikio yetu hungoja irabu ya mwisho, ilhali kinachozitofautisha zaidi ni mkazo, ambao katika “fifteen” hulemea mwishoni na katika “fifty” hulemea mwanzoni. Saa nazo zina mtego wake, kwa kuwa anayesikia “seven o’clock” huandika saa saba, kumbe msemaji amesema saa moja. Fanyeni zoezi la dakika chache la namba na saa peke yake kila wiki hadi makosa hayo yaishe.

Mara ya tatu ni imla. Mwalimu, au mwanafunzi anayeshika simu, achague sentensi nne au tano za matini, aicheze kila moja mara mbili, na kila mtu aandike alichosikia. Usipolisikia neno, acha nafasi, usikisie, maana nafasi hiyo tupu ina kazi katika hatua inayofuata.

Hatua ya nne: linganisha ulichoandika na maandishi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi, na ndipo wengi huparaza tu, wakihesabu alama za imla na kufunga daftari. Fungua matini, pitia neno kwa neno, na kila kosa lipewe moja ya alama tatu. Herufi A ni ya neno ambalo hukulijua kabisa. Herufi B ni ya neno unalolijua ukiliona lakini sikio halikulitambua. Herufi C ni ya maneno uliyoyasikia yakiwa yameungana, ukashindwa kujua mpaka wake. Katika madarasa yangu, wanafunzi hutegemea kukuta A nyingi, na karibu kila mara B na C ndizo huwa nyingi zaidi. Tiba yake basi si kukariri msamiati mpya, ni kulifunza sikio maneno ambayo jicho linayajua tangu darasa la tano.

Sababu ya B iko katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina irabu tano, kila irabu hutamkwa waziwazi, na neno huandikwa kama linavyosikika. Kiingereza kina sauti za irabu nyingi zaidi kuliko herufi zake za irabu, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Neno “vegetable” linaloonekana kuwa na silabi nne husikika likiwa na tatu. Vineno kama “of”, “to” na “and” husikika kwa mbali sana katikati ya sentensi. Na “cat”, “cut” na “cart” huliingia sikio la Mswahili kama neno moja. Andika maneno yako ya B katika ukurasa wa peke yake, na pembeni ya kila moja liandike kama ulivyolisikia kwa tahajia ya Kiswahili. Usione ni utoto, kwa sababu maandishi hayo ni daraja la muda na utayaacha mwenyewe sikio likizoea. Kuna faida moja tunayoisahau: sauti mbili za “th” tunazo tayari katika “thelathini” na “dhahabu”, kwa hiyo anayetamka “zis” badala ya “this” anaacha mali aliyonayo nyumbani.

Makosa ya C yanahitaji kusikia mpaka wa neno. Katika “pick it up”, konsonanti ya mwisho ya neno moja huchukuliwa na irabu ya neno linalofuata, kwa hiyo sikio hupata kitu kimoja kirefu. Kiambishi cha wakati uliopita kina tabia yake pia: katika “worked” huishia kwa sauti ya t, katika “played” kwa d, na katika “wanted” huongeza silabi nzima. Mwanafunzi anayengoja kusikia “ed” kila mahali ataandika vitenzi vingi katika wakati uliopo, na maana yote ya habari itahama.

Ukishaweka alama, cheza rekodi tena huku kidole kikifuata mstari, kisha soma kwa sauti pamoja na rekodi, ukijitahidi kwenda na mwendo wake badala ya kuusubiri. Mara tatu au nne zinatosha kwa siku.

Hatua ya tano: soma kwa kufuata muundo wa sentensi

Sasa sauti imeshazoeleka, soma matini kimya bila kamusi. Piga mstari chini ya maneno mageni, endelea mbele, na urudi kwayo mwishoni. Neno lililojitokeza mara moja tu na halikuzuia maana liache, na lile linalorudi au linalofunga mlango wa aya nzima lifungulie kamusi.

Msamiati peke yake hautoshi. Chukua sentensi hii, ya aina inayopatikana katika vitabu vya jiografia: “Although the region receives heavy rainfall, crop yields remain low because of poor soil management practices.” Wanafunzi wengi huona “heavy rainfall” wakajibu kwamba mavuno ni mazuri. Neno lililowaponyoka ni “although”, ambalo humwonya msomaji tangu mwanzo kwamba kinachofuata kitapingana na alichosoma. Zungushia duara maneno ya aina hiyo kila unapoyakuta, yaani “although”, “however”, “unless”, “whereas”, “due to” na wenzake, na useme kwa maneno yako yanaelekeza sentensi wapi.

Kisha tazama “soil management practices”. Kiswahili hutanguliza jambo lenyewe na sifa zake hufuata, lakini Kiingereza hurundika nomino na kuliweka jambo lenyewe mwishoni. Rundo la namna hiyo lisome kuanzia mwisho: “practices” ni namna za kutenda, “management” ni za usimamizi, “soil” ni wa udongo. Anayesoma kuanzia mwanzo atakwambia sentensi inazungumzia udongo. Tafuta marundo kama hayo katika ukurasa mmoja wa kitabu chako cha sayansi, na utashangaa jinsi yalivyo mengi.

Hatua ya sita: fupisha

Sikiliza rekodi mara ya mwisho bila kuona maandishi, funga kila kitu, na uandike kiini cha habari katika sentensi tatu au nne za Kiingereza. Hesabu maneno, kwa kuwa katika mtihani utawekewa kikomo. Ukikuta umenakili sentensi nzima kutoka kwenye matini, ifute na uiandike upya kwa maneno uliyonayo, hata yakiwa duni.

Hatua ya saba: peleka mazoezi katika masomo mengine

Kwa masomo mengine mpangilio hugeuka, na kusoma hutangulia. Jioni, soma ukurasa ambao mwalimu wa baiolojia ataufundisha kesho, hata kama utaambulia nusu yake. Toa maneno sita au saba yaliyo muhimu, umwombe mwalimu yeyote au mwanafunzi wa kidato cha juu ayatamke, na uyaandike kwa namna uliyoyasikia kama ulivyofanya na maneno ya B. Wakati wa kipindi, weka alama kila linapotamkwa. Wakati huo huo zoea vitenzi vya maswali, kwa maana anayeulizwa “explain” (eleza) akajibu kana kwamba ameulizwa “state” (taja) hupoteza alama huku jibu analijua.

Kila baada ya wiki nne, rudia imla ya matini ya zamani na uhesabu B na C zake. Zikiwa zimepungua hadi mbili au tatu, panda ngazi kwa kurefusha matini au kwa kubadili msomaji, lakini usifanye yote mawili katika wiki moja, la sivyo makosa yakiongezeka hutajua yameletwa na urefu au yameletwa na sauti mpya.