Kuhamisha kazi za steshenari kwenda mtandaoni, hatua kwa hatua, kwa tulioko Masasi, Newala, Nachingwea na jirani

Hii nawaandikia wenye steshenari na makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wa huku kwetu kusini, wale ambao ofisi nzima imo ndani ya kompyuta moja ya mezani yenye Office ya zamani iliyoingizwa kwa fleshi, siku ikigoma kuwaka hata deni la mteja hamlijui. Fanyeni Julai au Agosti wakati watu wako shambani wanapulizia mikorosho, mana Oktoba ikifika minada ikaanza na foleni ikatoka mpaka nje hakuna mtu atakaekaa kujifunza kitu.

Kabla ya yote msimamo wangu niuweke wazi: usihamishe kila kitu. Hamisha vile vitu ambavyo zaidi ya mtu mmoja anavigusa, yaani rejista ya kazi, madeni, bei, orodha za wakulima, barua za kila siku. Mabango ya CorelDRAW, kadi za harusi za Publisher, picha za pasipoti, hivyo acha kwenye mashine vilipo. Google Drive, yaani ile hifadhi ya mtandaoni ya Google tutakayohamia, hata hivyo haihariri faili la Publisher, na Microsoft wenyewe wameshatangaza wanaistaafisha Oktoba 2026, kwahiyo kadi zako nzuri anza kuzigeuza PDF taratibu.

Teknolojia yenyewe sio ngeni. Google waliinunua Writely, programu ya kuandikia ndani ya brauza, mwaka 2006 ndo ikaja kuwa Google Docs, Microsoft wakaleta Office 365 mwaka 2011, sisi huku tulichelewa kwa sababu ya bando na umeme tu. Sasa kinachotusukuma ni kingine, sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na hizi mashine za mtumba tulizonazo nyingi hazikidhi vigezo vya Windows 11. Kazi ikiwa ndani ya brauza, mashine ikifa unahamia nyingine unaendelea ulipoishia.

Ntatumia Google kwenye maelezo kwa sababu kila mwenye simu ya Android tayari ana Gmail, na bure wanakupa GB 15 zinazogawanywa kwa Gmail, Drive na picha. Microsoft nao wana Word na Excel za bure kwenye brauza ila hifadhi yao ya bure, OneDrive, ni GB 5.

Hatua ya 1: Safisha kwanza

Desktopu ya steshenari tunaijua, "barua mpya", "barua mpya 2", "barua mpya ya mwisho kabisa". Tengeneza folda tatu: Zinazotumika, Za zamani, na Za wateja. Hiyo ya wateja ndo ya kuangalia kwa makini, humo mna vyeti, vitambulisho na sivii za watu waliokuja kuskani wakaondoka zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata ingekuwa haipo, cheti cha mtoto wa watu kinafanya nini kwenye Drive ya duka lako? Futa. Mteja akirudi atakuja nacho tena.

Alafu virusi. Kama folda zimegeuka shotikati zenye ukubwa wa KB 1, usipakie hizo, utakuwa umepakia hewa. Mara nyingi faili zenyewe zipo, zimefichwa tu. Piga antivirusi kwanza, kisha fungua cmd (lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri) uandike hivi, ila badala ya G weka herufi ya fleshi yako:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Subiri imalize, zitatokea.

Hatua ya 2: Akaunti iwe ya duka

Hapa ndo ugomvi mwingi unapoanziaga. Unakuta kijana wa dukani ndo alifungua Gmail kwa namba yake, siku akipata kazi Mtwara mjini anaondoka na rejista yote, na wala hajaiba, akaunti ni yake kihalali kabisa. Fungua akaunti mpya kwa jina la duka, namba ya simu ya mwenye duka, tena laini anayoitumia kila siku maana laini isiyotumika inafungwa na baadae inaweza kupewa mtu mwingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha chukua zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea (backup codes), zinakuja 10 na kila moja inatumika mara moja tu, ziprinti uziweke pamoja na leseni na cheti cha TIN. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyohiyo ambayo ikiibiwa ndo utazihitaji.

Hatua ya 3: Pakia usiku

Ingia drive.google.com kwa Chrome, bonyeza kile kitufe chenye alama ya kujumlisha, chagua kupakia folda, tupia folda ya Zinazotumika. Watu wanaogopa bando lakini barua ya Word ya kawaida ni makumi ya KB tu, elfu moja hazimalizi hata MB 100. Kinachokula ni skani na picha, hizo subiri bando la usiku. Ikimaliza fungua faili kadhaa kutoka kwenye simu uone kama zinafunguka kweli, na za kwenye kompyuta usifute hata moja mpaka msimu upite.

Hatua ya 4: Rejista na orodha, hapa twende polepole

Faili la Excel ukilipakia linafunguka hivyohivyo, ila kwa rejista nakushauri uligeuze kuwa la Sheets (Excel ya Google) kabisa: menyu ya File, kisha Save as Google Sheets. Makro za Excel hazitafanya kazi, fomula za kawaida ziko poa.

Kitu cha kwanza ukishageuza, nenda File, Settings, badilisha nchi. Mara nyingi inakuja imewekwa Marekani, na Wamarekani wanaanza mwezi ndo siku, kwahiyo ukiandika 03/10/2025 yenyewe inaelewa Machi 10, na ukiandika 25/10/2025 haielewi kitu inaiacha kama maandishi, ukija kupanga kwa tarehe mauzo ya Oktoba yanatapakaa mwaka mzima. Weka Uingereza, mpangilio wao wa tarehe ni kama wetu.

Cha pili ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na makarani wa AMCOS naomba msome hapa mara mbili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel na Sheets zote zinashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki zinageuka sifuri. Yaani umeandika namba ya mkulima vizuri kabisa bila vistari, kiseli kinakuonyesha kitu kama 1.98E+19, unakipanua unaona namba ndefu umeridhika, kumbe tano za mwisho zote ni sifuri, na ukishasevu hakuna namna ya kuzirudisha zaidi ya kumtafuta mkulima kijijini kwake. Dawa: KABLA hujaandika chochote chagua safu nzima, nenda Format, Number, Plain text. Fanya hivyohivyo kwa safu ya simu na ya akaunti ya benki, la sivyo ile sifuri ya mwanzo inaliwa, 07 inakuwa 7, na malipo ya mtu yanakuja kukwama benki.

Kuhakiki orodha ambayo tayari ipo, kama namba ziko safu ya B, pembeni weka =LEN(B2), inahesabu herufi za kiseli, uiburuze mpaka chini. Inatakiwa isome 20, au 23 kama mnaandika na vile vistari vitatu. Ikisoma tofauti mrudieni mtu huyo. Na ikisoma 20 lakini mwisho ni 00000, hiyo imeshaliwa.

Rejista ya duka yenyewe ni rahisi: tarehe, mteja, kazi, jumla, amelipa, deni. Deni ni =D2-E2. Safu ya deni ifunge ili mwenye duka peke yake ndo aibadilishe. Mtu akiharibu kitu kuna historia ya matoleo, unarudi kwenye hali ya jana na unaona nani kabadilisha nini saa ngapi, na hii peke yake imepunguza maneno dukani kuliko kikao chochote.

Hatua ya 5: Siku hakuna mtandao

Zipo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini na intaneti nchi nzima ikayumba. Kwenye mipangilio ya Drive washa kufanya kazi bila intaneti, ila lazima uiwashe ukiwa na intaneti, kwenye Chrome au Edge, na sio kwenye dirisha la siri. Kwenye simu bonyeza vile vidoti vitatu vya faili uliwekee kupatikana bila mtandao. Angalizo: watu wawili wasiandike mstari mmoja wakiwa nje ya mtandao, ukirudi mmoja anaweza kufunika kazi ya mwenzie, kwahiyo kila mtu awe na karatasi yake (sheet) ndani ya faili. Na UPS ya kompyuta nunua tu, hilo Google hawakusaidii.

Hatua ya 6: Kugawa

Share kwa baruapepe ya mtu, moja moja. Linki ya aina ya "yeyote mwenye nayo anaweza kuhariri" usiitupe kwenye grupu la WhatsApp, orodha ya wakulima na akaunti zao za benki sio tangazo la msiba. Bosi aliyeko Dar mpe kuangalia tu, inatosha.

Hatua ya 7: Bakapu

Kitu kuwa Drive sio bakapu. Ukifuta kinakaa kwenye kapu siku 30 kinapotea, na akaunti isiyoguswa miaka miwili Google wanaweza kuifuta na vilivyomo. Kila mwisho wa mwezi ingia takeout.google.com, chagua Drive peke yake, shusha faili la zip watakalokuandalia, liweke kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani na sio dukani. Alafu zima data, fungua rejista moja kutoka kwenye hiyo diski kwa Excel ya kawaida. Ikifunguka, chomoa diski andika tarehe juu kwa makapeni.