Kabla hujawapandisha wanafunzi mlimani

Mwalimu, kabla ya kamba na mahema, anza na makaratasi. Barua ya mkuu wa shule, fomu za ridhaa zilizosainiwa na wazazi wenyewe, kibali cha kuingia msituni kama mnapanda milima ya Uluguru, Morogoro, maana msitu ule ni hifadhi, na taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa mtakaopitia. Hayo hayana mjadala.

Njia uipite mwenyewe, kwa miguu yako, wiki moja au mbili kabla. Usiniambie uliipita ulipokuwa chuoni. Mvua moja kubwa inatosha kusomba kivuko cha magogo, na mkulima akifungua shamba jipya, njia panda inazaliwa mahali ambapo haikuwepo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usipeleke mtoto kule. Vuli nayo iheshimu: saa nne jua, saa nane ukungu mpaka humwoni aliye hatua kumi mbele yako.

Nguo na maji. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kwenye milima hiyo, kiko mita 2,138. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mnapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtoto aliyeondoka stendi akivuja jasho atakutana na baridi ya nyuzi karibu 10 zaidi, tena shati likiwa limelowa. Sweta moja kavu ndani ya nailoni kwa kila mmoja, hata yule anayesema yeye hasikii baridi. Maji lita 2 kwa kila kichwa. Raba zenye meno. Ndala na viatu vya shule vibaki bwenini.

Muda usiukadirie kwa macho. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 mnazopanda. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya njema. Kwa wanafunzi arobaini wanaofuatana kwenye njia ya mguu mmoja, mimi huzidisha mara mbili. Halafu weka saa ya kugeuka na uitangaze kabla ya kuondoka. Yangu ni saa saba mchana, hata kama kilele kinaonekana pale juu na watoto wananibembeleza. Huku kwetu giza halibishi hodi, na ndani ya msitu linatangulia.

Halafu kazi zenyewe. Walimu wengi hupeleka watoto nje, wakawavutisha kamba na kuwashindanisha mbio, wakarudi wakasema wamefundisha ushirikiano. Chagua kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza, na ambayo jibu lake wewe hulisemi. Ninayoipenda mimi ni ya madumu. Unawapa madumu manne matupu ya lita 20, fito sita na kamba za katani, unawaambia: tengenezeni chombo cha kumvusha mwenzenu mmoja hadi ng'ambo ya bwawa. Dumu tupu la lita 20 likifungwa vizuri hubeba karibu kilo 20 kabla halijazama, kwa hiyo manne ni 80. Niliwahi kuangalia kundi moja likigombana zaidi ya dakika ishirini juu ya nani apande, wavulana wawili wakipokezana kupaza sauti, mpaka msichana aliyekuwa amechuchumaa pembeni akifunga fundo akauliza taratibu, "Na hizi fito zina kilo ngapi?" Pakawa kimya. Wakazibeba mabegani, wakalinganisha na mfuko wa unga wa kilo 10 tuliokuja nao, wakapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Aliyekuwa ameng'ang'ania kupanda alishuka mwenyewe. Mwalimu, dakika kama zile ndizo unazozifuata kule, na ungezipoteza kama ungelifungua mdomo wako mapema.

Bwawa liwe la maji yaliyotulia, yasiyopita kiuno, si mto. Anayevuka avae jaketi la kuokolea, na wawepo watu wazima wawili wanaojua kuogelea. Beba kisu pia, kwa sababu katani ikilowa fundo halifunguki.

Sasa nije kwenye alama na zawadi, jambo ambalo lilikaribia kumgharimu mtoto wa watu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitoa zawadi kwa kundi linalofika kwanza. Makundi manne ya watu kumi kumi, mshindi anapata mpira mpya na kreti ya soda. Kundi likifika pungufu linakatwa alama. Niliamini kanuni hiyo ingewafanya wasiachane.

Safari moja tulipanda kuelekea Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani lililo juu ya mji. Kundi la tatu lilikuwa na mvulana wa kidato cha pili mwenye pumu. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu na niliisoma. Lakini kiongozi wa kundi alikuwa ameamua kila mtu apunguze mzigo ili waende mbio, basi yule mtoto akaacha begi ndani ya gari, na inhela ikiwa ndani yake. Katikati ya kupanda kifua kikabana. Wenzake wakamketisha chini ya mparachichi, kando ya shamba la maharage, wakamwachia chupa ya maji, wakamwahidi kumpitia wakati wa kurudi. Walivyoona wanaongoza, wakakata njia ya mkato. Hawakupita tena pale.

Mimi nilikuwa chini na daftari. Nikauliza, "Kundi la tatu, mmetimia?" Wakaitikia kwa pamoja, "Tumetimia, mwalimu!" Nikaandika kumi. Nikawakabidhi mpira, wakapanda gari wakiimba.

Saa moja kasoro jioni, watoto wakiwa kwenye foleni ya chakula, msichana wa kundi lilelile alikuja kusimama mlangoni kwa mwalimu wa zamu na sahani yake tupu mkononi, analia bila kusema neno.

Tulirudi na tochi, mimi, matroni na vijana wawili wa mtaa ule. Chini ya mparachichi tulikuta chupa tu. Saa tatu usiku tukampata kwenye baraza ya bibi mmoja wa Kiluguru, ambaye alikuwa akitoka shambani akasikia mtu anakohoa. Alikuwa na mjukuu mwenye pumu, akajua la kufanya: alimkalisha wima, mbali na moshi wa jiko, akamfunika kanga mbili, akawa anamsugua mgongo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwani mlikuja wangapi?"

Nikamwambia arobaini. Akaniangalia, akageukia kanga zake.

Watoto wale hawakuwa wabaya. Niliweka zawadi kwa mwenye haraka na adhabu kwa mwenye kusema ukweli, nao wakafanya hesabu yao. Shule ya kwanza ya Outward Bound, mafunzo ya vijana nje ya darasa, iliyofunguliwa mwaka 1941 kule Aberdovey, Wales, na mwalimu Kurt Hahn pamoja na mwenye meli Lawrence Holt, iliandaa mabaharia vijana wakati wa vita ili wabaki hai baharini. Nilikuwa nimeazima mazoezi ya aina ile na kuyageuza mbio za kugombea soda.

Siku hizi hakuna zawadi ya muda kwenye safari zangu, na nakuomba uifute kwenye zako. Mwenye mwendo mdogo anatembea mbele na hapitwi. Kila mwanafunzi ana namba yake, anaitaja kwa mdomo wake nami nikimtazama usoni: kwenye njia panda, kwenye mapumziko, mlangoni mwa gari. Hakuna kuitikiana. Inhela inakaa mfukoni mwa shati la mwenyewe, na ya akiba ninayo mimi. Mwenye sikoseli hapandi bila ruhusa ya daktari wake, na mwenye kifafa haingii majini. Tuna neno moja, "Simama". Yeyote akilisema, msafara wote unasimama, wala haulizwi sababu mbele ya wenzake. Anamwambia mwalimu pembeni. Kwa wasichana hasa neno hili limeokoa mengi, na lazima awepo mwalimu wa kike mwenye pedi na dawa ya maumivu.

Mkishashuka, kaeni chini nusu saa kabla ya chakula. Uliza nani alikuwa na wazo ambalo halikusikilizwa, na ni wapi mlibadilisha mpango. Kisha nyamaza. Kimya cha dakika mbili kitakuumiza, kivumilie, maana anayejibu mwisho mara nyingi ndiye uliyemleta kwa ajili yake.

Na mengineyo. Kila mtoto awe na filimbi. Milio sita kwa dakika ni ishara ya kuomba msaada. Ngurumo ikisikika, ondokeni kwenye maeneo ya wazi na mshuke kutoka kwenye matuta, msijibanze chini ya mti ulio peke yake. Mizinga ya nyuki msiikaribie. Moto uzimwe kwa maji, usifukiwe tu. Usitegemee simu, mtandao hukatika bondeni, kwa hiyo mwachie mtu shuleni saa mtakayorudi na namba ya kupiga mkichelewa. Dereva umwambie mapema, na umkumbushe tena: ufunguo wa gari unakaa kwako mpaka namba ya arobaini itajwe.