Usikimbilie kuilaumu baridi: namna ya kukisaka kinachokubana kifua

Juni ikiingia, huku Njombe benchi la kliniki ya kifua hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Ukimuuliza mgonjwa kilichomleta, jibu ni lilelile: baridi. Simbishii, maana baridi ya huku inauma kweli, na hewa baridi peke yake inaweza kubana kifua kibovu. Lakini nikikaa naye nikamhoji taratibu, mara nyingi nakuta kilichomlaza ni yale aliyoyafanya kwa ajili ya baridi. Kafunga madirisha, kaingiza jiko la mkaa chumbani, kalala na wajukuu watatu wenye mafua.

Haya ninayoandika ni ya mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao daktari huuandika COPD kwenye kadi, na ya aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu mapafuni. Mwenye pumu naye atapata cha kuchukua. Wengi ninaowahudumia ni akina mama na mabibi ambao hawajawahi kushika sigara. Wao walivuta kuni, miaka thelathini, arobaini, wameinama kwenye mafiga.

Hatua ya 1: Ijue siku yako ya kawaida

Siku ambayo kifua kimetulia, jiulize: natembea hadi wapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi? Nalala na mito mingapi? Makohozi yana rangi gani, na ni mengi kiasi gani? Pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, naivuta mara ngapi? Andika majibu. Mzee mmoja hujipima kwa kilima cha kutoka kisimani kwake: siku nzuri anasimama mara 2, siku mbaya mara 5. Kipimo chake hicho nakiamini kuliko "naendelea hivyohivyo tu, daktari" (na mimi wala si daktari, ni muuguzi).

Hatua ya 2: Fungua daftari

La shule, la kurasa 40, linatosha. Kila jioni mstari mmoja: alama ya kifua kuanzia 0 (kimetulia) hadi 3 (kimebana sana), ulipikia nini, ulifanya nini, nani anaumwa nyumbani. Kama hivi:

Alhamisi: 0. Gesi. Nilikaa dukani. Hakuna mgonjwa.
Ijumaa: 1. Kuni mbichi, maharage. Mjukuu ana mafua.
Jumamosi: 0. Gesi. Nilifagia banda la kuku.
Jumapili: 2. Gesi. Kanisani. Mjukuu bado.

Siku nzuri nazo ziandikwe. Mwenye kuandika siku mbaya tu hana cha kulinganisha nacho.

Hatua ya 3: Ukibanwa, rudi nyuma siku tatu

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakamata kilichokuwa karibu. Moshi unaweza kukubana palepale, au ukakusubiri hadi usiku. Mafua huanzia puani, yakachukua siku kadhaa kushuka kifuani. Kwa hiyo ukiona alama imepanda, weka kidole kwenye siku hiyo kisha upandishe mistari mitatu juu.

Mama mmoja alishikilia kwamba kanisani ndiko kunakomwumiza, kwa sababu kila Jumapili mchana alikuwa hoi. Alikuwa ameshaacha kwaya. Daftari lake la wiki tano lilipofunguliwa, Jumapili mbili zilikuwa nzuri kabisa, na alikuwa ameimba. Zile tatu mbaya zilitanguliwa na Jumamosi ya kuchekecha pumba na kufagia kinyesi kikavu cha kuku. Kazi ya banda akaichukua kijana wake, mama akarudi kwaya.

Hatua ya 4: Ondoa kimoja kimoja

Ukiondoa vitu vitano kwa mpigo hutajua kipi kilikusaidia, na hutaweza kuishi hivyo. Ondoa mshukiwa mmoja, mpe wiki mbili. Isipokuwa sigara na jiko la mkaa chumbani: hivyo havina majaribio, viondoke leo. Wala usijipeleke kwenye moshi makusudi ili kuhakikisha.

Hatua ya 5: Anza na jikoni

Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo katika nyumba nyingi siku hizi, ila umewekewa chai na kupasha viporo; maharage yanarudi kwenye kuni, na ni maharage yanayokaa motoni kwa muda wa saa tatu. Yaloweke usiku kucha, funika sufuria, muda utapungua sana. Kama kuni hazikwepeki, zipasuliwe ndogo na zikauke hasa. Moshi mzito hutoka wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima, basi kazi hizo mbili afanye mtu mwingine, wewe uingie moto ukishakolea. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi, usiitegemee.

Jiko la mkaa chumbani nalitaja peke yake. Watu huniambia, "Naliwashia nje, likishakuwa jekundu halina moshi." Moshi hauonekani, sawa, lakini mkaa huo bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua hata mwenye mapafu mazima. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara, izungushie kitambaa, lala nayo miguuni.

Vingine vya kuangalia: dawa ya mbu ya kuchoma, kibatari, udi, takataka zinazochomwa uani, rangi mbichi ya ukuta. Nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Hatua ya 6: Mafua

Maambukizi ndiyo yanayowalaza wagonjwa wetu wengi kuliko kitu kingine. Mwenye mafua asilale chumba kimoja nawe, anawe mikono, dirisha liachwe wazi kidogo hata Julai. Uliza kituoni kama chanjo za mafua na nimonia zinapatikana.

Hatua ya 7: Kagua dawa zako

Wakati mwingine kichochezi ni dawa yenyewe, au kukosekana kwake. Propranolol, ambayo wengine hupewa kwa moyo au presha, inaweza kubana njia ya hewa. Usiiache ghafla, ila mwambie aliyekuandikia kwamba una ugonjwa wa mapafu. Pampu ya kila siku usiisimamishe kwa sababu unajisikia vizuri. Huenda ndiyo inayokufanya ujisikie hivyo. Ya bluu mara nyingi ina mivuto 200: piga mstari kwenye boksi kila unapovuta, kwa sababu ikiisha dawa inaweza kuendelea kutoa upepo mtupu.

Hatua ya 8: Siku ya kutosubiri jioni

Nenda kituo cha afya upesi ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikibadilika rangi, ukichanganyikiwa au kusinzia ovyo, au pampu ya bluu isipokupa nafuu. Makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani au rangi ya usaha, nenda siku hiyohiyo. Kikohozi kilichozidi kuliko kawaida yako kwa wiki mbili, pamoja na kutoka jasho usiku au kukonda, ni cha kupimwa kifua kikuu upya, hata kama uliwahi kutibiwa.

Uje na daftari, na pampu zako zote, pamoja na zile unazodhani zimeisha.