Kuwapeleka watoto kwenye kituo cha kuangalia nyota

Kabla hujakata tiketi angalia kwanza kalenda ya mwezi. Wengi wanakimbilia usiku wa mwezi mpevu eti ndo mzuri, kumbe ukijaa vile jua linaupiga usoni, hamna vivuli, unabaki sahani nyeupe tu na nyota hafifu zote zinamezwa na mwanga. Nendeni kama wiki hivi baada ya kuandama, mwezi uko nusu na jioni bado uko juu, jua linaupiga ubavuni yale mashimo yanatupa vivuli virefu na hapo mtoto hata umwambie aache kuangalia haachi.

Halafu waambieni ukweli mapema. Zile picha zenye rangi nyingi zimepigwa na kamera inayokusanya mwanga muda mrefu, jicho haliwezi hiyo kazi, so mawingu ya gesi huko mbali yataonekana kijivu kijivu tu. Sayari ya Zohali (Saturn) itakuwa kadogo ila pete zake mtaziona, na pembeni ya sayari ya Mshtarii (Jupiter) kuna vidoti vinne, ni miezi yake, Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliiona 1610 kwa kadarubini kadogo kuliko hako mtakakopewa nyie. Hiyo stori wanaipenda.

Nyumbani wafundishe kuchungulia kwa jicho moja, wadogo wengi hawajui kufumba moja peke yake, basi wazibe lingine na kiganja. Na mikono wasishike darubini, ikisogea kidogo tu sayari imeshapotea na foleni nzima inawasubiri nyie. Kama hafiki aombewe kingazi, usimnyanyue, atayumba haoni kitu.

Majaketi bebeni hata kama mchana kulikuwa na joto, ndani ya kuba (chumba cha darubini chenye paa la mviringo) hawawashi hita kwa makusudi maana hewa ya moto inafanya picha icheze. Simu zizimwe, macho yanataka dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, mtu akiwasha flashi mara moja mnaanza upya (tochi nyekundu haina noma).

Wa chini ya miaka mitano mimi ningempeleka mchana, usingizi ukimshika ni vita. Vituo vingine mchana vinaonyesha jua kwa darubini yenye kichujio maalum, ila darubini yenu ya nyumbani isielekezwe kwenye jua kabisa, macho yanaungua.

Na siku yenyewe pigeni simu kuulizia mawingu kabla hamjatoka.