Mgeni rasmi sio habari: namna ya kuandika habari za chuo kidogo zikasomwa

Hii nawaandikia wadogo zangu mnaoingia kamati ya habari mwaka huu, maana mi namaliza na sitaki mrudie madudu yangu. Chuo chetu ni kidogo, cha Kanisa, sio kama vyuo vikuu vya Kanisa vile vikubwa, SAUT ya Malimbe kule Mwanza au MWECAU ya Moshi ambako watu ni wengi hadi hawajuani, hapa ukikohoa kantini watu wa kanisani wanakupa pole. Kwa hiyo habari zinafika zenyewe hata bila sisi, kazi yetu ni kuziandika vizuri, na hapo ndo nilipoanguka.

Toleo langu la kwanza lilikuwa la mahafali. Niliandika maneno kama 600 hivi, mgeni rasmi amewapongeza wahitimu, mgeni rasmi amewaasa wahitimu, mgeni rasmi ametoa wito kwa wahitimu, na picha kumi na moja, tisa zote meza kuu yenye kitambaa cheupe na maji ya chupa. Nikarusha kwenye magrupu. Vidole gumba vinne, vyote vya wanakamati. Kesho yake naenda kunywa chai mama wa kantini ananiambia, mwanangu, mbona hujamwandika yule dada wa stoo? Nikamuuliza dada wa stoo kafanyaje. Kumbe alikuwa kavaa joho jana yake, kasoma diploma miaka yote hiyo mchana anagawa unga na maharage jioni yuko darasani, alafu jana kapanda jukwaani mbele ya wanafunzi aliokuwa anawapimia mchele. Na mi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake napiga picha kitambaa cheupe!

Sasa kabla hujaandika kitu jiulize nini kimebadilika hapa chuoni ambacho juzi hakikuwepo. Mgeni rasmi alikuja, akaongea, akala, akaondoka. Anapata sentensi moja, na jina lake liandikwe sahihi, basi.

Habari unazipata wapi. Ofisini utapewa barua za mialiko na ratiba, chukua, ila usitegemee. Mi Alhamisi jioni nazunguka, naanza kwa maCR, yaani wawakilishi wa kila darasa, nakuja viongozi wa TMCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki), kwaya, timu, alafu mlinzi wa getini, mtu wa maktaba, na mama wa kantini ambaye ni shirika la habari kamili. Swali langu linakuwa moja tu, "wiki hii nani kafanya kitu?" Usiulize "kuna habari gani", watajibu nzuri. Na wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, usisumbue mtu, acha watu wasome, hakuna anayetaka kuhojiwa wakati anaogopa kusapu, yaani kufeli na kurudia mtihani. Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa pia usitegemee mahojiano yenye tabasamu.

Ukishapata mtu, kaa naye dakika kumi na umuulize vitu vinavyohesabika. Hapa ndo wengi tunateleza. Kuna siku niliandika kwa mbwembwe kwamba timu yetu imeshika nafasi ya tatu kwenye bonanza la vyuo, watu wakashangilia, mpaka mhadhiri mmoja akauliza taratibu, tatu kati ya ngapi? Zilikuwa timu tatu. Toka siku hiyo nafasi yoyote naandika na idadi ya walioshindana, tukiwa wa mwisho naandika wa mwisho, alafu natafuta kilichokuwa kizuri kweli, na mara nyingi kipo (kipa wetu siku ile aliokoa penati mbili na hakuna aliyemwandika). Matokeo ya masomo ni hivohivo, usiandike "amefaulu kwa kishindo", sema amepata daraja la kwanza, na kwa digrii hiyo ni GPA, yaani wastani wa alama, kuanzia 4.4 kati ya 5, msomaji ambaye ni mzazi wa kijijini aelewe ni kitu gani.

Lakini GPA ya mtu ni ya mtu. Muulize kwanza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na haijaandikwa kwa ajili ya mabenki na kampuni za simu peke yake. Achana hata na sheria, kuna binti niliandika matokeo yake nikijua nampa sifa, kumbe nyumbani alikuwa hajawaambia kwamba mwaka uliopita alirudia somo na mi nimeandika "baada ya kurudia somo". Alinililia. Hiyo sentensi sitaisahau, na ndo maana siku hizi namsomea mtu habari yake kwa sauti kabla haijatoka. Sio nimpe aibadilishe yote, ila asikie.

Haya, mambo ya Kanisa, hapa tulieni kidogo maana chuo ni cha Kanisa na wasomaji wetu nusu ni masista, mapadre, mafrateri na wakatekista wastaafu wenye kalamu nyekundu. Padre anaadhimisha Misa, haendeshi Misa, kuendesha ni gari. Askofu ni Mhashamu, Kardinali ni Mwadhama, na neno Kardinali linakaa katikati ya majina, yaani Mwadhama Protase Kardinali Rugambwa. Herufi zinazokaa baada ya jina la mtawa zinataja shirika lake, OSB ni Mbenediktini, SDS ni Msalvatoriani kama wale wenye chuo cha Jordan cha Morogoro, ukimpachika mtu shirika la wenzake ni kama umemwandika kabila lisilo lake. Jubilei ya fedha ni miaka 25 na ya dhahabu 50, sasa hesabu kwanza inahesabiwa toka nadhiri au toka upadrisho. Na nadhiri zenyewe! Mi niliandika Sista mmoja "ameweka nadhiri za kwanza" wakati alikuwa ameweka za daima, yaani miaka yake yote ya malezi na kusubiri nimemrudisha mwanzo kwa neno moja. Nilienda kuomba msamaha, akacheka, akasema "kwa hiyo nianze upya?" Masahihisho yakatoka toleo lililofuata, ukurasa wa kwanza, sio kule chini kwenye kona ambako huwa tunaficha makosa yetu.

Kitu kinachonisumbua mpaka leo ni habari za matendo ya huruma. Kila Kwaresima kuna kikundi kinaenda kituo cha watoto au hospitali na sabuni, mchele, na wapiga picha watano. Injili ya Mathayo inasema mkono wako wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia, na sisi tunataka mpaka magrupu ya shemeji zetu yajue. Msimamo wangu ni huu na mnaweza kubishana nao: andika, kwa sababu mwakani kuna wengine watapata moyo na wachangiaji wana haki ya kujua hela yao ilienda wapi, ila andika kilichopelekwa, kiasi gani na kilichobaki kuhitajika. Sura za watoto usiweke. Mtoto aliyepigwa picha anapokea sabuni leo atakuja kusoma chuo hichohicho siku moja na picha ipo. Piga mikono, piga magunia, piga wenzenu wakifua mashuka, hiyo ya mashuka ndo ilikuwa picha bora ya mwaka jana.

Tanzia ni jambo la pekee. Hutoi mpaka ujue familia imeshaambiwa na ofisi ya chuo imethibitisha. Hata kama grupu zima limeshaandika RIP we subiri. Kuwa wa mwisho kwenye tanzia hakuna aibu yoyote.

Kuhusu urefu, habari moja maneno 150 inatosha, picha moja, na jina la kila anayeonekana kuanzia kushoto. Tulikuwa tunatengeneza PDF nzuri sana, rangi, nembo, bango la juu, MB 18, hakuna aliyefungua maana bando la mwanafunzi linajulikana. Sasa tunatuma maandishi yenyewe kwenye WhatsApp, karatasi moja ubao wa matangazo, karatasi moja mlango wa kanisa, na kama kuna kitu kikubwa namwomba katibu akisome kwenye matangazo baada ya Misa ya Jumapili, sentensi mbili tu, watu wanataka kwenda kula. Kabla ya kutuma inapita kwa Padre mlezi. Msimuogope, ila msimpelekee saa nne usiku mkitaka jibu saa nne na dakika tano.

Ubao msiudharau jamani. Msimamizi wa waandishi wa habari kwenye Kanisa ni Mtakatifu Fransisko wa Sales, sikukuu yake 24 Januari, Papa Pius wa 11 ndiye aliyemtangaza mwaka 1923, na sababu yenyewe ni kwamba watu wa Chablais, eneo la Ulaya karibu na Geneva, walipokataa kuja kumsikiliza aliandika mahubiri kwenye karatasi akawa anazipenyeza chini ya milango yao. Tarehe hiyohiyo ndo Papa huwa anatoa ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, muweke kwenye kalenda yenu, pamoja na sikukuu ya somo wa chuo (mtakatifu msimamizi wake) na Mashahidi wa Uganda 3 Juni, habari za siku hizo zinapangwa mapema hazisubiriwi.

La mwisho ni kurudi. Karibu kila mafanikio tunayaandika siku ya kwanza, tunapiga makofi, tunasahau. Masika moja tulipanda miti 200 nyuma ya bweni la wavulana, tukaandika "200" kwa herufi kubwa. Septemba nikaenda kuihesabu peke yangu na daftari, ilikuwa 61. Nikaandika 61, nikaandika na sababu, mbuzi wa jirani, na zamu ya kumwagilia ambayo ilikufa wiki ya pili, bila kutaja ya nani. Jumatatu Bruda wa shamba akatuma mtu aniite, nikajua leo nimekwisha. Nimefika ananyoosha mkono anataka ile karatasi, anaenda kuibandika kwenye mlango wa stoo ya majembe na ndoo, pale ambapo kila mwenye zamu lazima apite.