Rivolva ya inchi ngapi? Ya kupigia renji na ya kuweka nyumbani

Wengi wakishapata leseni wakaingia dukani, macho yaenda moja kwa moja kwa ile rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo ya mtutu wa inchi 2, ni nyepesi, yaingia mfukoni, na yaonekana haina usumbufu. Mimi nasema kama wataka ya renji, yaani uwanja wa mazoezi ya shabaha, na ya nyumbani basi hio iwe ya mwisho kuangalia. Zile zatengenezwa zibebwe zimefichwa, Colt Detective Special ya 1927 hata jina lake lakwambia ni ya makachero. Sasa wewe uko zako Tudor hapa Mombasa, wailaza kwa sefu chumbani, wamficha nani?

Kwanza kipimo. Rivolva yapimwa kuanzia mbele ya silinda hadi mdomo wa mtutu, silinda yenyewe haihesabiwi, lakini pistol ya magazini chemba, pale risasi inapokaa, imo ndani ya kipimo. Kwa hivyo rivolva ya inchi 4 ni ndefu kuliko pistol ya inchi 4, usije ukanunua sefu haiingii.

Haya, jambo lenyewe sasa ni saiti, zile alama za kulengea juu ya bastola. Watu wadhani mtutu mrefu ndio wafanya risasi iende sawa, la, ile fupi ukiifunga vizuri kwa meza yapiga sawa tu, shida ni jicho lako na mkono wako. Chukua fupi ambayo saiti ya mbele na ya nyuma zimeachana kama sentimita 10, ukikosea milimita moja tu kulenga, kwa shabaha ya mita 10 risasi yenda kando sentimita 10. Saiti zikiachana sentimita 20 kosa hilohilo lawa sentimita 5, nusu yake. Na triga ya rivolva ukiivuta bila kuinua kwanza nyundo ya nyuma ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 4, kwa hivyo hio milimita yakuponyoka kabla hujajua.

Kama ni renji peke yake chukua inchi 6 na usijisumbue. Uzito wa mbele watuliza mkono, haikurukii sana, utapiga boksi zima la risasi na vidole bado viko salama.

Nyumbani ndio maneno yabadilika kidogo. Inchi 6 kwa mlango au ngazi za nyumba za Mji wa Kale yagonga huku na kule, na mtu akiudaka mtutu ana mahali pazuri pa kushika akakunyonga mkono. Ingawa kusema kweli kuzungukazunguka gizani na bastola wamtafuta mwizi ni ujinga, jifungie na watoto chumba kimoja, piga 999 au 112, silaha ni ya yule atakayevunja huo mlango wa mwisho. Na sheria haikupi ruhusa ya kumpiga mtu kwa sababu abeba tv yako anakimbia, hilo lijue kabla ya kununua hata risasi moja.

Kwa hivyo kama ni moja tu ya kazi zote mbili, na kwa vile leseni zilivyo ngumu wengi wetu tutabaki na hio moja, ni inchi 4. Inchi 3 pia yafaa. Ukiweza pata ya risasi aina ya .357 Magnum, kwa sababu yala pia risasi ya .38 Special, ambayo ni laini na nzuri kwa mazoezi, lakini rivolva ya .38 usijaribu kuitia risasi ya .357 kamwe. Ile .357 kwa mtutu wa inchi 2 ndani ya chumba ni balaa, baruti nyingine yaungulia nje ya mtutu, mwako wakupofusha, masikio yaziba, na kasi ya risasi imepungua vilevile. Wapata kelele bila faida.

Kingine hakisemwi sana, ule mti wa kusukumia nje maganda ya risasi zilizopigwa. Kwa mtutu mfupi nao wawa mfupi, mara nyingi hautoi maganda yote, ubaki wayachokoa na kucha.

Kabla ya kulipa omba mwalimu wa renji akupe za urefu tofauti ujaribu. Weka karatasi ya ukubwa wa sahani mita 7, piga tano polepole bila kuinua nyundo, ile ambayo zote zaingia ndani ndio yako, hata kama si ile uliyoipenda sura. Na vidole visikae kando ya silinda, pale mbele kwenye mwanya kwatoka gesi ya moto yaweza kukuchana.

Chuma chenyewe tafuta cha pua, kisichoshika kutu haraka, hii hewa yetu ya chumvi rangi nyeusi ya bastola haimalizi masika. Na usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi yafyonza unyevu, ifute kwa mafuta uiweke wazi ndani ya sefu.