Karata za mashaka kwenye yuka: utaje turufu au upite?

Yuka ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili: kila mmoja hupewa karata tano na moja hufunuliwa, na upande unaotaja turufu (jamii inayoshinda nyingine) lazima ule duru tatu kati ya tano, kila duru ikiwa karata moja kutoka kwa kila mchezaji. Karata zikiwa nzuri hakuna anayehitaji ushauri. Una ghulamu wote wawili (wa jamii ya turufu na wa ile jamii nyingine yenye rangi ileile, ambaye naye huwa turufu) na ree ya turufu? Taja, ucheze. Ninazoandikia hapa ni zile karata tano zinazokufanya usite: mfalme wa turufu, turufu ndogo moja au mbili, ree moja ya pembeni. Wengi ninaokaa nao mezani hujiuliza, "Je, naziona duru tatu mkononi?" Wasipoziona, wanapita. Kwangu hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: nikipita, nani atataja, na atataja nini?

Anza na pointi. Kwa kanuni za kawaida za karata 24 (tisa hadi ree) bila jokari, aliyetaja akila duru tatu au nne anapata pointi 1, akila zote tano anapata 2, na asipofika tatu wapinzani wanapewa 2. Kama kupita kusingekugharimu chochote, ungehitaji kufaulu mara mbili katika kila tatu ndipo kutaja kulipe. Ila kupita kuna gharama. Ikiwa unajua ukipita wapinzani watataja na kuchukua pointi yao moja, basi kutaja kunalipa hata ukifaulu kidogo tu zaidi ya mara moja katika tatu. Karata nyingi za mashaka ziko katikati ya hapo. Ukinibana nikupe kipimo kimoja, nitasema nusu kwa nusu, na ndicho ninachotumia.

Halafu kuna hofu ya ghulamu wa kulia, yaani ghulamu wa jamii ya turufu, karata kubwa kuliko zote. Watu humwogopa kupita kiasi. Umeona karata sita: zako tano na iliyofunuliwa. Zimebaki 18 usizoziona: 10 kwa wapinzani, 5 kwa mwenzako, na 3 zimelala chini hazichezwi. Kwa hiyo uwezekano kwamba yuko kwa wapinzani ni 10 katika 18 tu. Kinachotokea mara chache ni wapinzani kukosa ghulamu wote wawili, wa kulia na wa kushoto (yule wa jamii nyingine yenye rangi ileile). Hilo halifiki mara moja katika tano. Panga mchezo wako ukijua duru moja utaipoteza kwa ghulamu, kisha uangalie kama tatu zinapatikana katika nne zinazobaki.

Sasa kiti, na hapa ndipo uamuzi ulipo hasa. Kuanzia kushoto kwa mgawaji, kila mmoja kwa zamu hupita au humwagiza mgawaji aiokote karata iliyofunuliwa, na jamii yake iwe turufu; wote wakipita, karata hugeuzwa chini na zamu huanza upya ya kutaja jamii nyingine. Chukua mfano huu: kopa tisa imefunuliwa. Mkononi una mfalme na kumi wa kopa, ree na kumi ya pau, na shupaza tisa.

Ukiwa mgawaji, iokote. Unatupa ile shupaza, unabaki na turufu tatu na jamii moja tu ya pembeni. Wakianza na shupaza au uru, unakata mara moja. Karata zilezile zikiwa zimegawanyika jamii tatu za pembeni, ningesita sana; huo uwezo wa kukata mapema ndio unaokupa duru ya tatu.

Ukiwa mwenza wa mgawaji, mwagize aiokote. Turufu mbili, ree ya pau, na turufu moja ya uhakika kwake: hapo mna msingi. Kadiri karata iliyofunuliwa inavyokuwa kubwa ndivyo unavyoweza kuagiza ukiwa na kidogo zaidi.

Ukiwa kushoto kwa mgawaji, pita. Ukiagiza unampa mpinzani turufu na nafasi ya kutupa karata mbovu. Kiti cha tatu ni kibaya zaidi kwa karata hizi: mwenzako ameshapita, na turufu bado inakwenda kwa mpinzani. Pita bila kujilaumu.

Ila ukiwa kushoto kwa mgawaji na karata ikageuzwa chini, mambo yanabadilika, na hapa naona pointi nyingi zikiachwa mezani. Kopa imekataliwa. Mgawaji na mwenzake hawakuitaka, kwa hiyo huenda hawana ghulamu wekundu. Wakati huo taja uru, jamii yenye rangi ileile, hata kwa karata nyembamba: ghulamu wa kopa ambaye sasa ni wa kushoto, uru kumi, ree ya pau. Mimi hutaja bila kusita. Ukipita, mwenza wa mgawaji ndiye anayefuata, naye kwa mantiki hiyohiyo ataelekea kwenye jamii nyeusi. Umemfungulia mlango.

Ree za pembeni nazo hazilingani. Turufu ikiwa uru, jamii ya kopa inabaki na karata tano tu kwa sababu ghulamu wake amehamia kwenye turufu, hivyo ree ya kopa hukatwa kwa urahisi kuliko ree ya pau au shupaza. Ukihesabu duru, ipe uzito mdogo.

Mwisho tazama ubao kabla ya kufungua mdomo. Mchezo ukiisha kwa 10 na wapinzani wana 9, pointi 1 inawatosha sawasawa na 2, kwa hiyo legeza kipimo chako na utaje. Wakiwa na 8, kaza, maana ukishindwa umewapa mchezo mzima. Na mkiwa na 9 wao 6 au 7, nawe uko kushoto kwa mgawaji bila karata ya kumzuia asicheze peke yake (bila mwenzake), agiza aiokote hata kama utashindwa. Unawapa 2, lakini akicheza peke yake akala zote tano angechukua 4 na mchezo ungekwisha.